Nilivyomkonyeza mama mkwe kwa sababu ya fuko, Mwera

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Walio chini ya miaka themanini, shikamoo zenu nimeshazipokea, marahaba. Walionizidi umri, kama mmo humu, shikamooni. Nimeanza na salamu makusudi, mtaelewa mbele.

Hii si chai. Nachapa mwenyewe, polepole, kwa kidole cha kati, maana cha shahada kina kasoro, na kasoro hiyo ndiyo uzi wenyewe.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Mimi kijana wa Pangani mjini, nimepeleka posa Mwera kwa Mzee Sufiani, nimuoe bintiye Mwanahawa. Nilimpenda yule binti hadi nikawa nasahau kula.

Shida ikawa mihogo.

Mihogo ya mzee ilikuwa inasimama vizuri tu, majani kijani, kisha ghafla inanyauka. Ukiivuta, inakuja kama mwiko kutoka kwenye chungu. Chini hakuna kitu. Mzee akaapa kuna mtu anakula mihogo na kurudishia shina ardhini. Na mgeni pale kijijini alikuwa mmoja tu.

"Tangu uanze kuja hapa na posa yako, mihogo yangu inapotea," akaniambia. "Ijumaa baada ya sala natoa jibu. Kabla ya hapo niletee mwizi, la sivyo mwizi ni wewe."

Nikamkimbilia rafiki yangu Mbondei, mkata mkonge. Akacheka hadi akakaa chini.

"Huyo ni fuko, yakhe!"

Niwape somo kidogo nyie mliozaliwa ghorofani. Fuko hana masikio ya kuonekana, macho yake kama punje za ufuta, na meno yako nje ya midomo ili achimbe bila kula udongo. Anaishi peke yake, mgomvi balaa. Anarudi kinyumenyume kwa kasi ileile ya kwenda mbele. Mihogo anaila kwa chini, na ya akiba anaiweka ghalani.

Asichokivumilia ni njia yake kutobolewa. Mwanga na upepo vikiingia, lazima aje azibe. Kwa hiyo unatoboa, unasimama, unasubiri. Ila ukitikisa mguu au ukitamka neno, anakimbia.

Basi Alhamisi asubuhi nikatoboa. Nikasimama, jembe juu, hata pumzi nabana.

Udongo ukaanza kutikisika.

Ndipo akatokea mama yake Mwanahawa, mtungi wa maji kichwani.

Wanaoijua Tanga wameshashika vichwa. Kwetu kumnyima mkwe shikamoo, afadhali umtukane. Mama akasimama. Akakohoa kidogo kunipa nafasi. Mimi kimya. Akakohoa tena. Nikisalimu nakosa fuko, nisiposalimu nakosa mke!

Nikatafuta njia ya kati. Nikamwonyesha tundu kwa jicho.

Jicho moja.

"Baba Mwanahawa!" Mtungi chini, vipande. "Njoo! Mkweo ananikonyeza!"

Akatoka mbio. Fuko naye akatoka mbio kwa njia zake.

Wakuu, niliona aibu kweli. Nimfuate nikaombe radhi? Ushahidi wangu wote uko ardhini. Nikabaki palepale, machozi yananilenga.

Baada ya muda udongo ukatikisika tena. Safari hii likatokea tako lenye manyoya, linasukuma udongo kwa miguu ya nyuma. Na mgongoni kwangu nasikia hatua za mzee, anakuja na bakora.

Nikatupa jembe, nikalidaka tako.

Sasa ngozi ya fuko imelegea kama kanzu ya kuazima, mwenyewe anageuka humohumo ndani. Akageuka. Akaning'ata kidole cha shahada mpaka mfupa. Nikaruka juu, fuko ananing'inia, bakora iko hewani, na likanitoka lile nililolibana asubuhi nzima:

"SHIKAMOO BABA!"

Mzee akashusha bakora. Mtu wa pwani awe na hasira kiasi gani, shikamoo haiachi njiani.

"Marahaba," akasema. "Umeshika nini tena?"

Tulifukua tukakuta ghala, vipande vya mihogo yake vimejazwa humo. Akavitazama, akakitazama kidole changu, akamwita Mwanahawa alete kitambaa. Hiyo ndiyo mara ya kwanza binti kunishika mkono. Nililia, nikasingizia fuko.

Ijumaa jibu likatoka. Mama mkwe alikubali kwa sharti moja, kila nikimwona nimsalimie mara mbili, moja ya siku ile na moja ya siku ya mtungi. Nilimsalimia mara mbili mpaka tulipomzika. Siku hiyo nilisimama kaburini nikasema shikamoo mama, nikarudia, na sikuona haya.

Funzo ni nini? Nilikuwa nimejiandaa kuwaandikia funzo refu, lakini Mwanahawa anasoma hapa begani kwangu na anauliza swali lake lilelile la miaka sitini na kitu:

"Si ungemsalimia tu mama? Fuko alirudi hata baada ya mtungi kuvunjika."

Mwenye jibu alishushe hapa chini, ila aanze na salamu.