Winchi arudi kushika mbele

Saa mbili asubuhi, kabati la milango mitatu limesimama chini ya ngazi za jengo lisilo na lifti. Mmiliki wake anakaa ghorofa ya nne. Mshika mbele hupanda kinyumenyume, na ndiye anayeamua kundi zima lipumzike wapi. Leo, kwa mara ya kwanza tangu alazwe, mshika mbele ni Winchi.

"Shemeji, ukichoka sema," msimamizi wa kundi, ambaye ni kaka wa mke wa Winchi, anamwambia.

"Nikichoka utaliona kabati linakujia," anajibu Winchi. Wenzake wanacheka.

Jina hilo la mashine ya kunyanyulia mizigo alilipata kwa nguvu zake. Lakini mwaka jana alianza kukonda, kiu haikatiki, na asubuhi moja alifika kazini akihema kwa nguvu kabla hajanyanyua hata stuli. Pumzi yake ilinukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi.

Kundi hili la wahamisha samani lina sheria yake: aliyelewa hashiki mzigo. Shemeji alimnusa, akamrudisha nyumbani mbele za watu.

"Iliniuma sana. Pombe sijawahi kuionja," anasema Winchi. "Halafu anayenifukuza ni shemeji yangu mwenyewe."

Mkewe hakupoteza muda kubishana na mtu. Alimkimbiza hospitali, wakakuta kisukari.

Bila insulini ya kutosha, mwili ulishindwa kutumia sukari, ukageukia kuchoma mafuta, ndiyo yaliyoleta ile harufu ya matunda, na damu ikazidiwa na asidi. Mapafu yakahema kwa kasi kutoa kabonidioksaidi ili asidi ipungue, huku figo zikitoa nyingine kwenye mkojo. Kazi hiyo mwili huifanya kila siku kimyakimya. Siku ile iliuzidi kimo.

"Kumbe mapafu yangu yananipigania, mimi huku naitwa mlevi!"

Shemeji alikwenda kumwomba radhi wodini, akalia kama mtoto. "Siku hizi anayehema ovyo simfukuzi," anasema. "Nampeleka hospitali mwenyewe."

Winchi hujidunga insulini kila siku, na daktari amemruhusu kurudi kazini.

Kabati linafika juu bila mkwaruzo. Winchi anahema, jasho linamtiririka. Shemeji anasogea, anamnusa mdomo makusudi, kundi zima likitazama.

"Chai tupu," anatangaza, na ngazi zote zinajaa vicheko. "Sasa wiki ijayo tuna piano, ghorofa ya tano. Nani atashika mbele?"

"Swali gani hilo, shemeji?" anasema Winchi. Pumzi yake imeshatulia.