Tulienda Thika Kuona Vidole

"Leo nisipoviona vidole vyake, gitaa nauza," rafiki yangu aliniambia Jumapili moja mchana, tukiingia kwenye bustani ya hoteli Thika ambako mzee mmoja, mwanamuziki tuliyempenda tangu ujana, alikuwa anapiga. Hakuwa anatania. Huyu ni mtu wa Vihiga, fundi wa mashine kiwandani, mpiga gitaa wa kanisa, na tunaitana shemeji kwa sababu alioa kwetu.

Kuna kipande kimoja, katikati ya wimbo mmoja wa zamani wa yule mzee, ambapo gitaa linapanda mbio na wakati huo huo linashuka. Shemeji alianza kukitafuta kwenye gitaa lake tukiwa vijana, majirani huko Kiuu, Ruiru, nyumba zetu zikitenganishwa na ukuta mwembamba. Nilikisikia nikipika, nikinyoa ndevu, nikitafuta usingizi. Halafu nikaanza kuhamahama: Nakuru, Voi, Eldoret, mji ukinichosha nafunga godoro. Kila nikirudi kumtembelea, kaseti ya wimbo imekuwa simu, watoto wamerefuka, yeye mwenyewe kahamia Mwihoko, hapo hapo Ruiru, lakini kipande ni kile kile na kinamshinda pale pale. Kusema kweli nilipenda hivyo. Ruiru inajengwa kila nikigeuza mgongo. Kipande cha Shemeji ndicho kitu pekee nilichokuwa nakikuta mahali nilipokiacha.

Tulifika mapema tukachukua viti vya mbele kabisa, upande ambao mkono wa kushoto wa mzee ungeonekana vizuri. Mzee akapanda jukwaani na kofia yake na bendi yake, tukapiga kelele kama watoto. Wimbo wenyewe ulipoanza, bustani nzima ikasimama. Akina mama waliokuwa nyuma yetu wakaunda treni, kila mtu ameshika mabega ya aliye mbele yake, wakapita kati yetu na jukwaa.

"Sioni!" Shemeji akalalamika. "Hawa watu wananizibia!"

"Baba, ingia!" mama mmoja aliyejifunga leso akamwita. "Umekaa kama uko matangani!"

"Mimi ni mtu wa kanisa."

"Hata mimi. Shika bega!"

Akashika, nami nikashika lake. Treni ikazunguka ikatupitisha ubavuni mwa jukwaa, nyuma ya spika kubwa, na hapo ndipo kipande kilipoanza. Shemeji akasimama ghafla. Waliotufuata wakatugonga migongoni.

"Treni imekwama!" mtu akapaza sauti. "Dereva amelala!"

Hakusikia. Nyuma ya spika, mahali pasipoonekana kutoka vitini, alikaa mzee mwingine kwenye stuli, gitaa mapajani, macho ameyafumba. Yule wetu wa mbele alikuwa anapanda. Huyu alikuwa anashuka.

"Songeni huko!"

"Shemeji, ni watu wawili!" akanipigia kelele sikioni. "Miaka yote hii nilikuwa napiga watu wawili!"

Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka yule mama wa leso akamshika asianguke, halafu akacheza, mtu wa kanisa, mpaka shati likamlowa.

Tulipokaa kunywa soda, aliivuta mikono yangu juu ya meza akaikagua.

"Mwezi ujao utakuwa wapi?"

"Kisumu. Nishaona nyumba."

"Kisumu una nani?"

"Sina mtu."

"Basi sikiza. Kushuka ni rahisi, ni kidole hiki na hiki. Kupanda niachie mimi."

"Shemeji, mimi sijawahi kushika gitaa."

"Ndiyo vizuri. Huna makosa ya zamani."

Kisumu sijaenda bado. Jumamosi mchana huwa niko Mwihoko na gitaa nililoazimwa kanisani kwao, ncha za vidole zinaniwaka, mke wake amejifungia jikoni. Juzi tulikipita kile kipande pamoja, tangu mwanzo hadi mwisho, vibaya sana. Shemeji akafuta jasho kwa mkono wa shati.

"Tena," akasema. "Na safari hii usiniache nyuma."