Mokami Apata Wasiribaji Wasomi

Mokami wa Busawe alikuwa na nyumba yenye nyufa, mgongo unaouma, na wageni wa Jumamosi: wazazi wa mchumba wa mwanawe Nikolaus, wanaokuja kukagua mji wake kabla ya kumtoa binti yao. Wanawake wenzake ambao husaidiana naye kusiriba kuta kwa udongo na samadi walikuwa wamezama kwenye palizi.

Jumatano likaingia basi la chuo kikuu kimoja tajiri cha mjini. Wanafunzi walishuka kuihudumia jamii, kama masomo yao yanavyowataka.

"Shikamoo mama," alisema kiongozi wao, Precious. "Tumekuja kuwafundisha kunawa mikono."

"Marahaba, mwanangu. Mwaka jana wenzenu walitufundisha hilo hilo. Mikono yetu imeshaelimika. Ninyi mnajua kusiriba?"

"Hapana, mama."

"Maskini! Na ada yote ile mnayolipa!"

Akawapeleka zizini. Precious alipoiona samadi mbichi, aliuliza kama kuna glavu.

"Ukuta unataka kiganja, mwanangu. Chota."

Walisiriba hadi jioni, wakicheka na kupakana matope, huku Mokami akiwasahihisha kutoka kwenye kigoda. Sabuni waliyokuja nayo iliisha yote.

Jumamosi mama wa binti, aliyetoka Nyansurura, alipitisha mkono ukutani.

"Nani kakusiribia?"

"Wanafunzi wa chuo kikuu."

Mgeni aliifikiria nyumba yake mwenyewe.

"Binti mtampata," alisema. "Lakini hao wanafunzi waje kwanza Nyansurura."