Dhiraa Ishirini

Kiongozi wa ushirika wetu wa Biblia, Mganda aliyekuwa mlinzi wa jengo, ndiye aliyenigawia somo la hekalu la Sulemani nilifundishe baada ya wiki mbili. "Dada, wewe unasafisha nyumba kubwa, vyumba unavijua," akasema, na wenzangu waliobanana katika kile chumba cha Al Nahda wakacheka. Mimi sikucheka. Mkataba wangu ulikuwa umekwisha tangu Novemba, na binti yangu alikuwa anaanza darasa la kwanza Januari. Nilimwahidi kwamba nitampeleka mwenyewe, nimemshika mkono. Nilitaka kufundishwa kuhusu maombi yasiyojibiwa, nikapewa kuta na vipimo.

Madam wangu, Mwarabu niliyemfanyia kazi za ndani kule Al Warqa, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikimwomba ruhusa ya kwenda nyumbani hakuwahi kusema hapana. Alisema inshallah. Kule Voi nilikokulia, jirani Mwislamu akikwambia inshallah unajua amekuahidi na Mungu ni shahidi wake. Kwa madam, neno lile lilikuwa mlango unaofungwa taratibu ili usipige kelele.

Basi nikalisoma hekalu kwa hasira. Mbele ukumbi, kisha patakatifu, kisha ndani kabisa chumba cha dhiraa ishirini kwa ishirini, ambacho kuhani mkuu peke yake aliingia, tena mara moja kwa mwaka. Namba ziligoma kuniingia kichwani. Kwa kuwa dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, niliamua kupima nyumba ile ile niliyoipiga deki kila siku. Majlis ya wageni ikawa ukumbi, sebule ya familia ikawa patakatifu. Chumba cha madam kilikuwa na kasha la chuma, na ndani yake pasipoti yangu. Hicho ndicho kikawa patakatifu pa patakatifu. Mimi niliingia humo kila asubuhi na ndoo yangu, na pasipoti sikuiona hata siku moja.

Madam alinikuta nimepiga magoti kando ya kitanda chake, mkono nimeulaza sakafuni, nahesabu. Nilikuwa nimefika kumi na moja.

"Shu hada?" akauliza. Nini hii?

Nikababaika. "Dhiraa, madam. Dhiraa."

Nilisahau kwamba neno hilo tumelichukua kwao, na kwao maana yake ni mkono tu. Uso wake ukalegea. Akaniinua, akanikalisha kitandani mwake, akaleta dawa ya kuchua, akanichua kiwiko ambacho hakikuwa kinauma hata kidogo.

"Miskina," akasema. "Leo hakuna kazi. Khalas."

Machozi yakanitoka, naye akadhani ni maumivu. Nikaona nisiipoteze nafasi.

"Madam, Januari. Mtoto wangu, shule."

Hakuacha kuchua. "Inshallah."

Nusura nipige yowe. Mkono usiouma umehurumiwa papo hapo, mtoto anayesubiri hana wa kumhurumia.

Somo nililifundisha. Niliwaambia kwamba Mungu anayejali upana wa ukumbi hawezi kukosea kupanga maisha ya mtu, na kwamba anatawala hata milango tusiyoruhusiwa kuifungua. Niliyasema kwa sauti ya mtu anayegombana. Kiongozi akasema nimebarikiwa. Nilikula biriani ya ushirika, nikarudi kazini nimenuna.

Januari ikanikuta palepale. Jioni ya kuamkia siku ya shule, mama yangu alimpa mtoto simu. Alikuwa ameshavaa sare na amekataa kuivua.

"Mama, kesho utanipeleka wewe?"

Neno likanitoka kabla sijalizuia. "Inshallah."

"Maana yake nini?"

"Mungu akipenda."

"Kwani hapendi?"

"Anapenda," nikamwambia, na nilishangaa kwamba sikusita. "Madam ndiye hajapenda."