Mpaka Mama wa Bwera Afunge

Saa nane mchana jua la Kasese halina adabu. Mji wote unasinzia, na mimi fundi nasinzia juu ya cherehani, kitambaa cha mtu mapajani. Hapo ndipo sauti za wenzangu huniingia sikioni kupitia simu: mwalimu wa Kitswamba, muuza samaki wa Kahendero, na mama mmoja Mkongo anayeuza mawese kule Bwera. Kwenye kikundi chetu tuko wengi, ila wasomaji ni sisi wanne. Wengine kazi yao ni kutuma picha za maua.

Riwaya ya Kiswahili huku kwetu utaitafuta mpaka uchoke, kwa hiyo tukiipata moja inasafiri. Nikiisha kuisoma naifunga kwenye kavera ya plastiki, nampa dereva wa lori. Inaenda Kitswamba, inashuka Kahendero, halafu inaishia Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Kila aliyemaliza hutuma sauti akisema, "Nimefunga," kisha ananyamaza. Hakuna ruhusa kutoboa mwisho mpaka wa mwisho afunge. Baada ya hapo tunaongea hata wiki nzima. Mlinzi wa sheria hiyo ni mimi, na sina mchezo. Nilishamtoa mtu kikundini kwa kuandika neno moja tu: "Masikini!"

Mwaka huu tulipata riwaya ya binti aliyeaga asubuhi kwenda sokoni ng'ambo ya mto, asirudi. Kila jioni mama yake anampakulia chakula, anakifunika, anakaa mlangoni. Wallahi, ile riwaya ilinichukua. Nilikuwa nashona huku naona mawingu yakiteremka mlimani taratibu, na ndani ya mawingu namwona binti na kikapu chake. Mteja ananisemesha, mimi niko mtoni. Nilishona mkono wa gauni ukaelekea mgongoni, na hata sikushtuka. Kurasa za mwisho, binti anaopolewa majini. Nililia kama mfiwa, nikatuma, "Nimefunga."

Mwalimu akafunga. Muuza samaki akafunga. Kitabu kikafika Bwera, kikalala.

Wiki zikapita. Tukimwuliza, mama anajibu kwa ile sauti yake ya pole, "Ningali nasoma, bandugu." Mwalimu akasema subira yavuta heri. Heri gani? Kilio ninacho, sina wa kulia naye! Mori ukanipanda, nikafunga duka, nikapanda gari la Bwera kwenda kukichukua kitabu chetu.

Nilimkuta sokoni katikati ya madumu ya mawese, kitabu mapajani. Tulikuwa tunajuana kwa sauti tu. Akanikalisha, akanimiminia chai, na maneno makali niliyoyapanga njia nzima yakaanza kuniponyoka.

"Mama, kitabu umekikalia kama kuku," nikasema hata hivyo.

Akacheka kidogo. Kisha, bila mimi kumwuliza, akanieleza habari za binti yake wa kwanza. Walipokimbia vita kutoka upande wa Beni, binti alikuwa shambani. Mpaka leo hakuna aliyemwona, wala mzima wala maiti. Watu wote wa kwao wameshamwambia akubali, afanye matanga. Padre naye alimwambia.

Nikaona aibu mpaka chai ikanishinda. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

"Dada," akasema, akigusa kitabu, "weye ulimaliza roman. Ule binti atarudia kwa mama yake?"

Sheria ilikuwa yangu mwenyewe. Nikamtazama usoni, na nikamhurumia vibaya sana. "Atarudi, mama," nikasema. "Anarudi jioni, na chakula anakikuta kimefunikwa."

Akafumba macho. Soko lilikuwa linapiga kelele pande zote, ila kwa kitambo kidogo hata mimi niliamini. Nilimwona yule binti akipita kati ya madumu, miguu imelowa umande, anatafuta mama yake.

Nilipozinduka alikuwa ameshika simu, kidole kwenye alama ya sauti. "Nimefunga," akasema.

Banange! Nilirusha mkono nimzuie, lakini ilikuwa imekwenda. Mara simu ikaanza kulia. Watu walikuwa wamebana vinywa wiki zote hizo. Wa kwanza alikuwa muuza samaki wa Kahendero, na mama akamfungulia sauti kubwa: "Jamani, mimi nafanya kazi ziwani, lakini pale walipomtoa yule mtoto majini, nilishindwa kuendelea..."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama akaizima simu bila haraka, akanishika mkono.

"Usiogope. Nilimalizaka roman zamani. Najua alikufa mu mayi."

"Sasa mbona uliniuliza?"

"Nilikuwa natafuta mutu moja wa kuniambia atarudia. Kwetu hakuna tena mwenye kusema vile." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Sasa bale wengine waongee kifo yake. Miye nimesikia yangu."

Akanibana mkono zaidi.

"Sema tena, dada."

Nikasema.