Bwawa Lisilo na Wajomba

Naikumbuka siku ile, mwanangu, kama ya juzi tu. Ulikuwa mwaka wa Kombe la Dunia hapa Joburg, mvua za kwanza zimeshaanza. Mimi kijana wa Tanga nilitunza bustani za watu kaskazini mwa mji, lakini moyo wangu ulikuwa Yeoville, kwa msusi wa Kirundi aitwaye Chantal. Ndiye huyo aliyekupa chai sasa hivi.

Kazini palikuwa na bwawa lenye vyura wa aina mbili, wanaofanana kama ndugu. Aina moja hukoroma, nyingine hulia kama bata. Mvua ikinyesha, madume wote hujazana humo wakiita. Jike hutega sikio, akamfuata mwenye sauti ya aina yake, na ni nadra kukosea. Nami na mdomo wangu nikamsimulia Mzee Déo, mjomba wake Chantal, ili nimchekeshe.

Nilipokwenda kuposa akanirudishia maneno yangu. "Si ni wewe ulinielezea? Bwawa ni moja, lakini kila chura anaoa kwao. Wewe Mtanzania, tena Mwislamu! Hapana, mon fils, mwanangu."

Nilinyong'onyea. Mjomba huyo ndiye aliyemlea Chantal tangu walipokimbia vita, na Chantal asingeolewa bila radhi yake.

Mshenga wangu, Bi Mwanaisha, muuza vitenge wa Hillbrow, hakupandisha sauti. "Mzee wangu, wale ni vyura wa aina mbili. Hawa ni watu, aina moja, wamepishana mapishi tu. Halafu yule jike anasikiliza kwa masikio yake mwenyewe. Bwawani humo umesikia kuna mjomba?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Ndipo akamgeukia Chantal, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu. "Haya, na wewe unasema nini?"

"Namupenda, mujomba," akasema, machozi yakimtoka. Nilimpenda zaidi saa ile, na mpaka leo.

Sasa wewe umenijia na habari za yule kijana wa Kizulu, na mama yako hataki kumsikia. Usiniulize kabila lake. Sikiliza anavyosema na mlinzi wa getini, anavyosema akiwa na njaa, na anavyosema anapokosea. Usipopendezwa, achana naye, hakuna atakayekucheka. Ukiridhika, nitavaa kanzu yangu niende kwa mama yako, na neno la kwanza nitakalomwomba ni akuulize wewe. Mungu akupe mume unayempenda, na mama atakayecheza ngoma siku ya harusi yako.