Syovata na Visima Vinavyofuata Mwezi

Syovata Mulinge alizaliwa Lukore, juu kwenye vilima vya Shimba, ambako wazazi wake walihamia kutoka Kitui wakapewa shamba. Alipomaliza kusomea ufundi wa maji aliajiriwa na mradi mdogo wa visima uliokuwa na ofisi ya vyumba viwili Msambweni. Aliteremka pwani na sanduku la bati na Kiswahili chake cha bara, cha kukata maneno, na haukupita muda akina mama wakaanza kumnyoosha.

"Husemi 'nataka maji,' mwanangu," alimwambia Bi Mwanapili siku ya kwanza walipokutana. "Sema 'naomba maji ya kunywa,' kisha ungoje uulizwe habari za kwenu."

Bi Mwanapili alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kisima cha Mwachengo, kijiji kilicho upande wa baharini, mwendo mfupi kutoka ofisini. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mtu shamba la tatu. Syovata alimpenda tangu siku hiyo, na kila alipopita Mwachengo hakuachiwa aondoke bila kula.

Hiyo ilikuwa baada ya mvua za El Niño, zilizoanza mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba zikavuruga kila kitu. Visima vilijaa matope, vyoo vikabomoka. Mradi ulisafisha visima kutoka Waa mpaka karibu na Mkwiro, na vichache vikafungwa pampu za mkono. Kisha mkuu wa mradi akataka ijulikane maji ya ardhini yanavyopanda na kushuka, na kazi hiyo akapewa Syovata. Kila kisima, hata kile cha kwa wazazi wake Lukore, alikitafutia mama wa jirani, akamkabidhi utepe wa chuma wenye kikombe kidogo mwishoni. Ukiuteremsha, kikombe kikigusa maji hulia "pwa!" na hapo unasoma kina. Walipima mara mbili kwa wiki, na Syovata akapita na baiskeli kukusanya vipimo.

Kazi ilikwenda vizuri, mpaka ugomvi ulipozuka Mwachengo.

Juu kidogo ya kisima cha pampu palikuwa na kisima cha zamani cha Mzee Mwinga, nacho kikipimwa kama vingine. Yeye na Bi Mwanapili walikuwa ndugu wa kunyonya. Mama yake Mwanapili alifariki akijifungua, na mama yake Mwinga akawanyonyesha wote wawili, ziwa moja. Walikua pamoja na kuzeeka pamoja, na hakuna Idi iliyopita bila sahani kwenda na kurudi kati ya nyumba zao. Lakini miezi michache baada ya pampu kufungwa, kisima cha Mzee Mwinga kilianza kushuka. Kufikia mwanzo wa mwaka wa tisini na tisa, ndoo yake ilikuwa ikikwaruza tope.

"Pampu yenu inanivuta," alisema mbele ya watu. "Mimi niko juu, ninyi mko chini. Maji huteremka, hata mtoto anajua."

Njia ya kwenda kwenye pampu ilipita shambani kwake. Asubuhi moja akina mama waliikuta imezibwa kwa matawi ya miiba, wakalazimika kuzunguka kwenye minazi ya watu, ndoo vichwani. Mzee Mwinga na Bi Mwanapili wakaacha kusalimiana.

Bi Mwanapili alikwenda ofisini peke yake. Siku hiyo hakuwa na mzaha.

"Syovata, wewe unavyo vipimo vya visima vyote. Niambie kweli: tunamnyang'anya ndugu yangu maji, au hatumnyang'anyi? Kama tunamnyang'anya, pampu ile nitaing'oa kwa mikono yangu miwili."

"Sijui, bibi," Syovata alijibu. "Nipe muda nitafute."

Hakuwa anajikinga. Alikuwa hajui kweli. Kila kisima kilikuwa na mkia wake mrefu wa tarakimu, wa zaidi ya mwaka mzima. Jicho laweza kulinganisha mikia miwili, pengine mitatu. Kuilinganisha yote, kila mmoja na mwenziwe, hilo lilimshinda. Na jibu, aliona, lilikuwa humo kwenye kulinganisha. Kama kisima cha Mzee Mwinga kinashuka kwa sababu ya pampu, basi mwendo wake utafanana na wa pampu. Kama kuna sababu nyingine, kitakuwa na wenzake mahali pengine.

Alimpelekea shida hiyo Abdulaziz, kijana aliyekuwa na duka la kutengeneza kompyuta Ukunda, na ambaye ndiye aliyeifufua kompyuta ya ofisi mara zote ilipozimika. Abdulaziz alimsikiliza mpaka mwisho, akafungua mtoto wa meza, akatoa sidii isiyo na picha yoyote.

"Binamu yangu amenipa hii Mombasa. Ndani yake mna Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na programu nyingine tele. Kuna moja ya takwimu, jina lake ni herufi moja tu, R. Ina njia ya kupanga vitu kwa makundi kulingana na vinavyofanana."

"Ni ya nani? Tutaruhusiwa?"

"Ni ya walioiandika, na wako wengi, kila mmoja kwao. Lakini wameiacha wazi. Unaweza kuinakili, kuchungulia ndani ilivyoandikwa, hata kuirekebisha. Hawataki ila na wewe usiwafungie wengine."

Syovata alicheka. Aliona ni adabu ya kisima cha kijiji hasa.

R haikuwa na vitufe vya kubonyeza. Ilikuwa kioo cheusi na alama ndogo inayongoja uiambie neno. Kwa wiki kadhaa Syovata aliingiza vipimo baada ya kazi, umeme ukikatika anangoja, ukirudi anaendelea. Palikuwa na mapengo pia: wiki ya Idi, wiki ya msiba, siku mama fulani alipokwenda hospitali. Programu iliyagomea mapengo. Abdulaziz akaliandika swali kwa Kiingereza, akalipeleka Mombasa ndani ya disketi, kwa binamu yake aliyekuwa na barua pepe. Wiki iliyofuata disketi ilirudi na jibu kutoka kwa mtu wasiyemjua, wa nchi wasiyoijua, aliyewaeleza kwa upole jinsi ya kuziba pengo dogo kwa kuangalia kipimo cha kabla na cha baada, na kuliacha pengo kubwa lilivyo.

Mara ya kwanza programu ilipochora makundi, ilichora mti uliolala, kila tawi likishika visima vyake. Syovata aliufurahia mpaka alipousoma. Visima virefu vilikuwa tawi lao, na visima vifupi tawi lao, basi. Hilo alilijua bila kompyuta. Alikaa akafikiri, akaona kosa lake: alikuwa amelinganisha kina, na alichokitaka ni mwendo. Akarudia, safari hii vipimo vya kila kisima akavipunguzia wastani wa kisima chenyewe, ili kubaki kupanda na kushuka tu, kiwe kirefu au kifupi.

Mti wa pili ulikuwa na matawi matatu. Tawi moja lilimshangaza, maana lilikusanya visima vilivyotawanyika, kimoja Waa, viwili karibu na Diani, vingine Msambweni, visivyohusiana kwa udongo wala kwa mvua. Alipanda baiskeli akavizungukia. Huko akagundua kwamba wote waliovipima walikuwa wakipima alasiri, wakirudi shambani, wakati akina mama wamekwisha kuchota siku nzima, siku nyingine sana, siku nyingine kidogo. Wengine wote walipima alfajiri. Kompyuta haikukosea. Ilikuwa imekusanya watu badala ya visima.

"Kosa ni langu," aliwaambia akina mama wale. "Sikuwaambia saa."

"Basi tuambie sasa," wakasema, na tangu hapo wakapima alfajiri. Syovata akavitoa visima hivyo kwenye hesabu kwa muda, akarudia tena.

Sasa yakabaki matawi mawili, na yalikuwa wazi hata kwa Abdulaziz ambaye hakujua lolote la visima. Kundi la kwanza lilipanda na kushuka kila baada ya wiki mbili, kwa kiasi kidogo lakini bila kukosa. Syovata aliweka kalenda kando yake. Maji ya bamvua, bahari ijaapo sana mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, visima vilipanda. Maji mafu, bahari isipojaa sana, vikashuka. Hivi vilikuwa visima vya kwenye jiwe la matumbawe, vinavyosukumwa na bahari, na bahari inavutwa na mwezi. Kisima cha pampu kilikuwa humo. Kundi la pili halikujali mwezi kabisa. Vipimo vilipoanza lilikuwa juu sana, kwa maji ya El Niño, kisha likashuka polepole, mwezi baada ya mwezi, kwa kuwa mvua zilizofuata zilikuwa haba. Kisima cha Mzee Mwinga kilikuwa huko, na kilichofanana nacho kuliko vyote kilikuwa kile cha Lukore, nyumbani kwa wazazi wake Syovata, mbali na pampu yoyote.

Alichora mwendo wa visima hivyo kwenye karatasi, akaikunja, akaenda Mwachengo siku hiyo hiyo. Alimkuta Mzee Mwinga ameketi barazani akisuka kamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu. Habari za kwenu?"

"Njema, alhamdulillahi," alijibu Syovata, na Mzee Mwinga akatabasamu kulisikia neno hilo kutoka kwa Mkamba wa kanisani. Syovata akamwonyesha mistari, akamweleza. Mzee alisikiliza vizuri. Kisha akasema bila hasira:

"Mwanangu, umesema vizuri. Lakini karatasi hii imechorwa na mtu anayekula wali kwa Mwanapili."

Ilikuwa kweli, na Syovata akaikunja tena karatasi.

"Basi tusiitumie karatasi, mzee. Nitamwomba Bi Mwanapili aifunge pampu, kutoka bamvua hii mpaka bamvua ijayo. Pasichotwe hata tone. Wewe mwenyewe uvipime visima vyote viwili, kila alfajiri. Kama pampu inakuvuta, kisima chako kitapanda. Kama siyo, mimi nasema hakitapanda, na kile cha pampu kitashuka maji mafu na kupanda bamvua, ingawa hakuna mtu atakayekigusa."

Mzee Mwinga alimtazama. "Na kisima changu kikipanda?"

"Pampu itang'olewa. Bi Mwanapili mwenyewe amekwisha kusema."

Akina mama walinung'unika kwa kwenda kuchota mbali, lakini Bi Mwanapili alifunga mpini wa pampu kwa mnyororo na funguo akazipeleka kwa kaka yake kwa mkono wa jirani. Kila alfajiri baada ya sala, Mzee Mwinga alionekana na utepe, kwanza kwake, kisha anaruka miiba yake mwenyewe kwenda kwenye pampu. Watu walisikia "pwa!" na kukohoa kwake. Yalipofika maji mafu alikwenda mara mbili kwa siku, hakuna aliyemwambia.

Siku ya bamvua Syovata alikwenda Mwachengo mapema. Alijua hesabu yake, lakini ardhi haisomi hesabu. Alimkuta Mzee Mwinga njiani, ana panga mkononi, anavuta matawi ya miiba na kuyatupa kando. Akina mama wawili walikuwa wamesimama na ndoo, hawajui kama wasaidie au wangoje.

"Changu kimeshuka tena," alisema alipomwona. "Kidogo, lakini kimeshuka. Na kile cha chini kimecheza na mwezi kama ulivyosema. Nimekiona mimi, sikuambiwa."

Bi Mwanapili alifika huku amefunga leso vibaya kwa haraka. Wakatazamana. Ni Bi Mwanapili aliyeanza.

"Miiba itakuchoma, Mwinga. Hujavaa hata viatu."

"Imekwisha kunichoma," alijibu, na kumpa funguo. "Umenipikia nini?"

"Sijapika. Nilidhani leo nang'oa pampu."

Alicheka Bi Mwanapili kwanza, kisha wote. Siku hiyo walikula viazi vitamu vya kuchemsha na chai, hapakuwa na kingine, na Syovata alisema baadaye hajapata kula chakula kitamu kama hicho.

Kisima cha Mzee Mwinga hakikuachwa hivyo. Kwa kuwa sasa ilijulikana kinafuata mvua, mradi ulikichimba zaidi mwisho wa kiangazi, maji yalipokuwa chini kabisa, wakateremsha pete za saruji, na tangu hapo hakikukauka tena. Vingine vya kundi lake vikafanyiwa hivyo hivyo, kimoja kimoja. Vile vya kundi la mwezi viliachwa visichimbwe sana, visije vikaingiza chumvi. Makundi yale mawili yakawa ndiyo mpango wa kazi wa mradi, na Syovata akapandishwa cheo kidogo, akajengewa hata kivuli cha baiskeli yake.

Alikaa Msambweni. Kiswahili chake kilijaa, mpaka mama yake alipomtembelea kutoka Lukore akamlalamikia kwamba anasalimu kwa muda mrefu mno. Jumamosi alianza kufundisha R katika duka la Abdulaziz, kwa yeyote aliyetaka. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa muuguzi mmoja, mwalimu wa hesabu kutoka Waa, na Chengo, karani wa soko la samaki wa Mkwiro, aliyefika na gunia dogo la karatasi za mavuno ya miaka mingi.

"Nataka kujua samaki gani hutembea pamoja," Chengo alisema.

"Vizuri," alijibu Syovata, akimsogezea kiti. "Lakini kwanza niambie, ni nani aliyewapima, na saa ngapi?"